Skrini Juu ya Rafu

"Umefiwa na nani?"

Jirani msusi aliuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni, chanuo mkononi. Aliyeulizwa alikuwa Mama Chapa. Jina lake halisi lilishasahaulika mtaani. Walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alichapa kwa kompyuta barua za watu, kadi za mialiko, mitihani ya shule na maombi ya kazi.

"Sijafiwa," Mama Chapa akajibu. "Nachapa tu."

"Unachapa huku machozi yanakutiririka? Usinifiche, jirani. Macho yako mekundu kama nyanya."

"Yanawasha tu. Yatapoa."

Msusi hakuamini. Alirudi saluni kwake akitikisa kichwa. Haukupita muda, wanawake wawili wakaingia kwa Mama Chapa, nyuso zimeinama. Wakakaa kwenye benchi la wateja bila kusema. Akaja wa tatu, akampapasa bega na kuguna. Mama Chapa alibaki kuwatazama, vidole vimeganda juu ya kibodi.

Mara mumewe akarudi kula. Alikuwa fundi bomba, na mfuko wake wa vyuma ulikuwa begani. Alipoona watu wamekaa kimya, mfuko ukamponyoka, vyuma vikamwagika sakafuni.

"Nani?" aliuliza, sauti ikimkatika. "Semeni basi! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa!" Mama Chapa akapaza sauti. "Nyie watu, mbona mnanitafutia msiba na mimi sina?"

Benchi zima likacheka. Wa tatu alicheka mpaka akajishika mbavu. Fundi naye alicheka, kisha akamtazama mkewe vizuri. Kope zilikuwa zimevimba. Mkono mmoja ulishika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye gari linaloyumba. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mama Chapa," akasema taratibu. "Macho yamefika huku tangu lini?"

Yalianza zamani kidogo. Mwanzoni alikuwa na skrini ya kichogo, zile nzito zenye mgongo mkubwa. Ilikuwa inametameta, na kichwa kilimuuma. Ndipo wifi yake, dada wa fundi, alipotoa ushauri. Huyu alifanya kazi katika ofisi kubwa na alipenda kila kitu kipya. Mtaani walimwita Kisasa.

"Wifi, ugonjwa wako ni hicho kichogo," Kisasa alisema. "Weka skrini bapa. Macho yatapona yenyewe."

Wakaweka skrini bapa, kubwa na yenye kung'aa. Siku za mwanzo kichwa kilipungua kuuma, na Mama Chapa alimshukuru Mungu. Halafu macho yakaanza kuwasha. Yakawasha zaidi. Ilipofika jioni, herufi zilikuwa zinacheza kama siafu.

Jioni ya siku ile ya msiba wa uongo, Kisasa alikuja kuwasalimu. Alipoyaona macho ya wifi yake, alishika kiuno.

"Haya sasa ni makubwa," akasema. "Nyie mlichukua skrini bapa ya kawaida. Kuna nyingine ya kulinda macho. Lakini kwa hali hii mmechelewa. Ofisini kwetu kulikuwa na mtu alianza hivihivi. Leo anashikwa mkono kuvuka barabara."

Mama Chapa alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi mgongoni.

"Unasema nitapofuka?"

"Sisemi mimi, wifi. Macho yako ndiyo yanasema." Kisasa akamgeukia kaka yake. "Na kazi hii ndiyo inawashikilia siku ambazo wewe huna bomba la kutengeneza. Mnaye binti hapa, mkubwa, anajua kompyuta. Chuo kikifunguliwa, asirudi. Akae kwenye kiti cha mama yake."

Binti alikuwa mlangoni. Alikuwa likizoni kutoka chuo cha ukunga, na alibakiza mwaka mmoja tu. Alimtazama baba yake. Fundi akatazama sakafu. Alimtazama mama yake, na mama yake hakuweza hata kumwona sawasawa. Bila kubishana, binti akaingia ndani. Wakasikia zipu ya begi ikifunguliwa. Alikuwa anatoa sare zake na kuzirudisha kabatini.

Mama Chapa alisali usiku ule, lakini maneno hayakumjia. Aliona tu zile sare nyeupe.

Asubuhi alimweleza msusi yote. Msusi aliacha kusuka, nywele za mteja zimebaki mkononi.

"Jirani, ngoja kwanza. Hayo macho amekupima nani?"

"Amenipima nani, vipi?"

"Nauliza. Wifi yako ni daktari?"

Mama Chapa akajiegemeza kwenye mlango wa saluni. Walibadilisha skrini. Waliamua maisha ya mtoto. Kumbe macho yenyewe hakuna aliyeyapima! Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Siku hiyohiyo yeye na mumewe walikwenda kwenye kliniki ya macho. Aliyewapokea alikuwa mpimaji macho, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimsomesha herufi za ukutani. Alimmulika jicho moja, kisha la pili. Aliandika, akamulika tena. Fundi alikaa pembeni, akiminya kofia yake kama anakamua nguo.

"Niambie ukweli, daktari," Mama Chapa akasema. "Napofuka?"

"Mama, hapa sioni upofu."

Fundi aliinuka kwenye kiti. "Unasemaje?"

"Kaa, baba. Macho ya mkeo ni mazima. Ila yamefika umri ambao jicho hupungukiwa na nguvu ya kuona karibu. Hilo humpata karibu kila mtu. Nitampa miwani inayofaa umbali wa kompyuta. Lakini linalomtesa zaidi ni jingine. Macho yake ni makavu."

"Makavu!" Mama Chapa akashangaa. "Daktari, macho haya yanalia kutwa nzima. Mtaa mzima umekuja kunipa pole!"

"Ndiyo maana yanalia. Jicho likikauka linawasha. Likiwasha, mwili unamwaga machozi kujitetea, halafu linakauka tena. Sasa hebu nionyeshe unavyokaa kazini. Usiniambie. Nionyeshe."

Mama Chapa akavuta kiti. Akaweka vidole mezani kana kwamba kuna kibodi. Kisha akainua kidevu juu, akapinda shingo kulia, akakodoa macho kuelekea pembe ya dari.

Mpimaji alimtazama, akatazama dari, akamtazama tena.

"Mama, skrini yako iko huko juu?"

"Iko juu ya rafu."

"Imefuata nini?"

"Wateja," Mama Chapa akasema. "Niliwahi kukosea jina la bibi harusi. Kadi zote ziliharibika, na ukoo mzima ukaja kunigombeza. Tangu hapo mteja wangu anasimama kaunta, anasoma neno kwa neno ninavyochapa. Nikikosea, anapiga kelele papo hapo. Skrini lazima iwe juu, aione."

"Na wewe unayeitumia kutwa?"

Mama Chapa aliendelea kukodolea pembe ya dari.

"Nani aliipigilia hiyo rafu?"

"Mimi," fundi akasema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko yeye. "Kwa mikono yangu hii." Akaitazama mikono yake kama imeletwa na mtu mwingine.

"Baba, mtazame mkeo. Nilipomwambia aonyeshe, tangu hapo amepepesa macho mara ngapi?"

Fundi akatazama. Akasubiri. Mkewe alikuwa bado amekodoa, machozi yameanza kumlenga.

"Hapepesi!" akasema kwa mshtuko. "Mungu wangu, hapepesi kabisa!"

"Sisi sote tukitazama skrini tunapepesa kidogo," mpimaji akaeleza. "Kope ndizo zinazolowanisha jicho. Sasa mtu akitazama juu, jicho linakuwa wazi zaidi, na upepo unalikausha haraka. Mna feni?"

"Ipo. Inampuliza usoni, asione joto."

"Uliiweka wewe?"

"Mimi," fundi akajibu. Alitaka kuingia chini ya meza.

"Na dirisha?"

"Liko mbele yangu, nyuma ya skrini," Mama Chapa akasema. "Jua la barabarani linanipiga."

"Na mwanga wa skrini?"

"Tumeufungua mpaka mwisho," fundi akasema. "Skrini mpya ile, daktari. Mwanga tumeshaununua, tuupunguze tena?"

Mpimaji akacheka, akavua miwani yake kujifuta machozi. "Sikilizeni. Kukitoa kile kichogo hakukuwa kosa. Skrini inayometameta huchosha macho, ndiyo maana mama alipata nafuu kidogo. Lakini mlibadilisha skrini, mkaacha kila kitu kingine palepale. Hata mngeleta ya tatu na ya nne, mngeipandisha juu ya rafu ileile."

Kisha akawaeleza la kufanya, polepole, na Mama Chapa akarudia kila jambo kwa sauti ili asisahau. Skrini ishuke mezani, mbele yake, umbali wa mkono ulionyooshwa. Ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Dirisha liwe ubavuni. Mwanga wa skrini ufanane na mwanga wa chumba. Herufi ziwe kubwa. Feni igeuzwe. Kila baada ya dakika ishirini hivi, ainue macho atazame kitu cha mbali huku akihesabu taratibu hadi ishirini. Na akumbuke kupepesa.

"Ukiona jicho linauma sana, au uoni umepungua ghafla, usingoje," mpimaji akaongeza. "Njoo siku hiyohiyo. Usimsikilize mtu wa mtaani."

"Hata wa ofisini," Mama Chapa akasema.

Walipofika nyumbani, fundi hakuvua hata viatu. Alichukua nyundo akaing'oa ile rafu, huku akijisemesha: "Mimi ndiye niliyekuwa nampofusha mke wangu. Mimi!" Wakageuza meza. Wateja walipolalamika kwamba hawaoni, Mama Chapa aliwachapia nakala moja ya kujaribia.

"Kaa kwenye benchi, usome," aliwaambia. "Ukikuta kosa, zungushia kalamu."

"Siku hizi unatusomesha?" mteja mmoja akatania.

"Soma, mwanafunzi. Jina la mchumba wako likikosewa, mimi simo."

Makosa yakawa machache kuliko zamani. Macho hayakupona kwa siku moja. Lakini miwani ilipofika, na wiki ya pili ilipoingia, Mama Chapa alichapa mpaka jioni na herufi zikakaa kimya mahali pake.

Hata hivyo binti alikuwa hajaambiwa lolote kuhusu chuo. Fundi aliogopa kutamka, macho ya mkewe yasije yakaharibika tena. Kila siku mtoto alipika, alifagia, na hakuuliza.

Asubuhi ya kufunguliwa chuo, Kisasa akaingia na boksi kubwa kifuani, akihema.

"Nimewaazimia ofisini," akasema. "Hii ndiyo ya kulinda macho. Binti aanze nayo leo. Haya, mwanangu, njoo ukae." Kisha akasimama ghafla. "Hee! Rafu iko wapi?"

"Nimeing'oa," fundi akasema.

"Skrini mmeishusha chini kama ya watoto? Na hii ni ileile! Wifi, utapofuka huku najionea!"

"Wifi, nitazame usoni," Mama Chapa akasema. "Nalia?"

Kisasa akainama. Akatazama jicho la kulia. Akatazama la kushoto. Yalikuwa meupe. Mdomo ukabaki wazi.

"Umetumia dawa gani?"

"Nyundo," fundi akajibu.

"Acheni mzaha! Skrini ileile iliyomuumiza, leo imponye? Haiwezekani!"

"Tulidhani ni skrini, dada. Yalikuwa ni mambo yetu sisi wenyewe. Nilivyoiweka, feni, dirisha."

"Lakini ofisini kwetu…"

"Ofisini kwenu walimpima macho yule mtu?"

Kisasa akalikumbatia boksi lake. Wakati huo binti akatoka jikoni, mikono ina maji. Hakumtazama shangazi yake wala boksi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya kiti cha mama yake, akaweka kidole karibu na skrini, kwenye mstari wa mwisho, ule wenye herufi ndogo za anwani.

"Mama, nisomee hapa."

Mama Chapa akasoma mstari wote, mpaka nukta. Akapepesa macho, akamgeukia.

"Utachapa peke yako mpaka nimalize chuo?" binti akauliza.

"Nitachapa," mama yake akasema. "Baba yako yuko hapa, muulize kama anapinga."

Fundi akatikisa kichwa haraka: hapingi.

Binti akafuta mikono kwenye sketi yake. Akaingia ndani, na mara akarudi na begi begani. Pindo la sare nyeupe lilikuwa limebanwa na zipu. Akambusu mama yake juu ya kope, jicho moja na la pili, akampita shangazi yake aliyekuwa bado amekumbatia boksi, akatoka kwenda chuo.