Rundo la Mawe la Isengo

Sifa zimwendee Mola aliyeinyanyua baadhi ya ardhi ikakaribia mawingu. Katika zama ambazo pembe na shaba zilishuka pwani juu ya mabega ya watu, na bunduki zilikuwa chache kuliko nyuta, ulikuwako uwanda wa juu uitwao Isengo. Bonde la joto liliuzunguka. Huko juu nyasi zililala na kuamka kwa upepo, ukungu ukapita baina ya watu kama mgeni asiyebisha hodi, na mito iliyozaliwa chemchemi moja ikaenda zake mashariki na magharibi bila kuagana.

Alfajiri moja alifika ukingoni mwa uwanda huo Mwinyi Mshamu wa Kilwa pamoja na msafara wa wapagazi, kanzu yake imechanika, kilemba kimegeuka rangi ya vumbi. Nyuma yao walipanda wapiganaji wa Kabambe, mnyang'anyi wa bondeni aliyeua misafara na kuwauza waliosalia. Wokovu ulikuwa mmoja tu: kuuvuka uwanda na kuteremkia upande wa pili.

"Niswali kwanza," akasema Mwinyi Mshamu.

"Swali, mwinyi, lakini usirefushe sura," akajibu Kasanda, kirangozi aliyeongoza njia ya msafara, Mnyamwezi mwenye manyoya ya mbuni kichwani. "Kabambe haswali, naye ana miguu mirefu."

Hapo penye mwanya wa kupandia palikuwa na rundo kubwa la mawe. Mwinyi Mshamu, mtu aliyelelewa msikitini, hakupenda kuswali pasipo alama ya kibla. Akainama, akachomoa chini ya rundo mawe yaliyompendeza macho, yamechongwa pande zote mbili, mapana tako na membamba ncha, mfano wa tone la mvua. Akayapanga yawe mihirabu mbele yake. Alikuwa hajatoa salamu rundo lilipoguna, likaporomoka lote.

Mikuki ikatokea ukunguni. Katikati yake alisimama mwanamke aliyevaa gome la mti, mikono imejaa bangili za shaba. Huyo ndiye Mwene Nakasula, mtawala wa Isengo.

"Nani kamfundisha huyu kujenga kwa kubomoa?" akauliza. Watu wake wakacheka, yeye hakucheka. Kasanda, aliyezijua lugha za bara, akatafsiri kwa sauti ya chini.

"Kila aupandaye uwanda huu huweka jiwe," akaendelea Mwene. "Uliyoyachomoa ni ya watu wa mwanzo kabisa, waliochonga jiwe kwa jiwe chuma kisijajulikana. Juu yao walilala wawindaji waliochora pofu, wale swala wakubwa, kwa rangi nyekundu mapangoni, kisha wafugaji, kisha babu zetu wafua chuma. Sasa mjukuu yu chini na babu yu juu, kama walevi waliotoka ngomani. Rundo likianguka, njia imefungwa. Hapiti mtu."

"Mwene, tukirudi chini sisi ni maiti au watumwa," akasema Mwinyi Mshamu.

"Najua. Vumbi la Kabambe naliona."

"Kosa ni langu. Hawa wamekosa nini?"

Nakasula akajibu: "Mila ina mlango mmoja. Aliyeliangusha hubaki akalijenga, kila jiwe kwa jina la mwenyewe, kwa mpango waliokuja nao. Hutoki uwanda huu mpaka uyajue majina yote. Ukikubali, watu wako wapite, na mikuki yetu ni yao."

"Majina ni mangapi?"

"Mama yangu alikufa akiyasoma."

Kasanda akamshika mkono. "Usikubali, mwinyi. Tupigane."

"Kwa magobore manne na baruti iliyolowa? Acha, ndugu yangu. Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi hili nitalila peke yangu."

"Na Mwana Hidaya nimwambie nini? Mkeo amekaa mlangoni akikungoja."

"Mwambie nilikuwa na haraka nikavunja cha watu. Atasadiki. Haraka zangu anazijua."

Basi ngoma ya Kasanda ikaingia ndani ya nyasi, na msafara nyuma yake. Punde si punde watu wa Kabambe wakafika mwanyani. Wakaupiga ukungu risasi, nao ukungu ukawajibu kwa mishale. Mwinyi Mshamu alisimama na upanga wake bega kwa bega na wafua chuma wa Isengo asioijua lugha yao. Jemadari wa Kabambe alipoanguka, wenziwe waliteremka mbio kuliko walivyopanda. Vumbi lilipotulia, ngoma ya Kasanda haikusikika tena.

Miaka ikapita kama usingizi wa mchana. Nakasula alitaja, Mshamu alifuatisha na kuweka jiwe.

"Umemlaza Lyoba mbali na mkewe!" Mwene alikuwa akimkemea. "Alikuwa hapendi hivyo hata alipokuwa hai."

Swala zake tano hakuna aliyemzuilia. Usiku wawindaji wale wa kale walimjia ndotoni, kila mmoja na jiwe mkononi, wakiuliza kwa upole: zamu yangu lini?

Ndevu zilikuwa nyeupe alipolitaja jina la mwisho. "Njia yako i wazi," akasema Nakasula. Mshamu akaenda hata ukingoni, akalitazama bonde. Alikwisha sikia kwa wapita njia kuwa Mwana Hidaya ametangulia mbele ya haki. Akarudi, akaketi.

Ukaja msafara wa vijana, na lafudhi yao ilikuwa ya Kilwa.

"Shikamoo, mzee. Rundo hili la nani?"

Mshamu akaanza tangu mwanzo, kwa wachonga mawe.

"Fupisha, babu, soko halingoji," akasema kiongozi wao kwa kicheko. Lakini majina hayarukwi. Vijana wakaweka mawe yao kwa adabu, wakaondoka, naye alikuwa hajatoka kwa wawindaji. Akaendelea peke yake mbele ya ukungu: wafugaji, wafua chuma, hata akafika kwa Mshamu wa Kilwa, jina lake mwenyewe, akalitaja kama alivyoyataja mengine. Kisha akayaona mawe mapya juu kabisa, na ulimi ukasita.

Hakuwauliza wanaitwaje.

Mzee yule akakunja nguo yake kiunoni, akaupita ukingo wa uwanda ambao miguu yake haikuupita tangu ujanani, akateremka mbio kuelekea bonde la joto, akiita: "Majina yenu! Wanangu, majina yenu!"