Umeshindaje, Mama Kakenya?

Mwanamke aliyepokea simu ya ngome hakuuliza wanataka kuja siku gani. Alisema, "Umeshindaje, Mama Kakenya?"

Mwihaki aliitazama simu kuhakikisha namba. Namba aliipata kwenye kibao kilichochakaa kando ya barabara ya Kajiado, kinachoelekeza wageni kwenye ngome ya mawe iliyojengwa zamani na mlowezi mmoja juu ya kilima. Shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa ameahidi kuwapeleka watoto wake wawili wakaone minara, wale mandazi kwenye nyasi, warudi Kitengela jioni. Jina la bintiye hakuwa amelitaja.

"Nimeshinda vizuri," akajibu, maana ilikuwa muda mrefu hajaulizwa. Mumewe, Leshan, alikuwa akifanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani Namanga. Akipiga simu alieleza habari za malori, kisha akasema ameitwa.

"Njoo nao," sauti ikasema. "Mtakaa."

Tangu hapo walizungumza kila alasiri. Walipanga safari pamoja: watoto wavae sweta kwa sababu mawe ni baridi, na Koinet, kitinda mimba, alale wapi akichoka. Mwihaki akawa anaingoja ile sauti. Alipika akiongea, akafua akiongea. Harufu ya mawe yaliyolowa na jivu lililomwagiwa maji ikaanza kutoka chumba cha watoto. Akapiga deki, akafungua madirisha, harufu ikabaki.

Siku moja alimkuta Kakenya amepanga nguo zake zote kitandani.

"Kakenya, si tunaenda na kurudi?"

"Yule mama amesema vitanda vyetu viko tayari."

"Mama gani?"

Mtoto akaangalia ukuta. "Si huyo unaongeanga naye."

Kesho yake alasiri Mwihaki alikuwa jikoni akicheka polepole na sauti ile, mlango ulipofunguka akaingia jirani yake Mutheu na simu mkononi.

"Hii yako imejaa chaji," Mutheu akasema, kisha akasimama. Akashusha sauti. "Mama Kakenya, stima zimepotea kwako tangu asubuhi. Simu nimekaa nayo mimi. Unaongea na nani?"

Mwihaki akatazama mkono wake uliokuwa sikioni, mtupu, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika kitu, na bado ndani ya sikio sauti ilikuwa ikiendelea taratibu, ikimwambia asimsikilize huyo, ikimwuliza kama Koinet ameshakunywa maziwa, huku harufu ya mawe ikija kutoka chumbani na kiti kikiburutwa huko, kikiburutwa tena, na watoto wote wawili, aliowaona kupitia dirishani, wakicheza nje uani.

Mutheu ndiye aliyempigia Zipporah, mama mzazi wa Leshan. Alifika kutoka Kajiado kabla jua halijatua, na kibuyu cha maziwa na nyasi mbichi. Hakuuliza mengi. Alichovya nyasi kwenye maziwa akanyunyiza milango na vichwa vya watoto, akiomba kwa Kimaasai, halafu kwa jina la Yesu.

"Sasa ni wewe," akamwambia Mwihaki. "Wewe ndiye uliikaribisha. Iambie hamwendi."

"Hatuji," Mwihaki akasema.

Nyumba ikatulia. Kisha, sikioni, kwa upole uleule: "Na nani atakuuliza umeshindaje?"

Machozi yakamtoka Mwihaki. "Hakuna," akasema. "Lakini watoto wangu hawaji."

Kiti kilianguka chumbani. Harufu ikapungua, ikaisha, na kimya kilichobaki kilimfanya akae chini sakafuni.

Jumamosi waliyokuwa waende ngomeni, Zipporah aliwachukua kwake. Watoto walikimbizana na mbuzi hadi wakalala chini ya shuka yake. Jioni, wanawake hao wawili wakiwa wamekaa mlangoni, Mwihaki akauliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Yeyo, mama yangu, ulijuaje la kufanya?"

Zipporah akajibu, "Baba Leshan alipokufa, ilinipigia mimi."

"Ukaifukuza hivyo?"

"Najua vile inafukuzwa." Mama mzee akatazama boma, mahali ng'ombe walikuwa wakiingia bila mtu wa kuwahesabu. "Lakini watoto wangu walikuwa wamekua, wameenda. Hapa nilikuwa nimebaki na nani?"

Mwihaki hakuthubutu kugeuka.

"Inaniuliza nimeamkaje," Zipporah akasema kwa sauti ya chini. "Inaniuliza nimekula nini. Siku moja ikaniuliza kama niko na wajukuu." Akakunja mikono mapajani. "Mama Kakenya, hakuna mtu mwingine alikuwa ameniuliza. Nikaiambia majina yao."