Meno Yasiyouma

Meno mapya ya bandia huuma siku za mwanzo. Yanakwaruza fizi, yanacheza mdomoni, mtu mzima anatokwa na udenda kama mtoto. Daktari wa meno alikuwa amemwonya hivyo mama mmoja, mshona sare za shule. Lakini alipomvisha safu nzima ya juu, mama yule alifumba mdomo, akafumbua, akacheka.

"Hayaumi?" daktari aliuliza.

"Hata chembe."

Daktari akamgeukia mume wa mgonjwa, kinyozi, bila furaha usoni. "Sijapata kuona," akasema taratibu.

Njia nyingine hazikuwepo. Meno ya kupandikiza kwa skrubu yalishindikana kwa sababu mfupa wa taya ulikuwa umelika, na daraja la meno halishiki pasipo meno halisi ya pembeni ya kulibeba. Juu hakuwa amebakiwa na hata jino moja. Tangu yang'oke alikuwa akicheka kiganja kikiwa mdomoni, sasa kiganja kimeshuka. Kinyozi alifurahi hadi akamnyoa mteja sharubu ambazo hakutumwa kuzinyoa.

Kisha ikaja harufu. Mama akipiga miayo, chumba kinanuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi ile. Ikafuata sauti. Cherehani imesimama, yeye ametulia, midomo imefumbwa, na bado ndani yake mnasikika kak, kak, kak. Mchana mmoja binti yao akamkuta anatafuna vifungo vya sare.

"Mama! Unakula nini?"

"Si mimi," mama akanong'ona, machozi yakimtiririka, taya zikiendelea kusaga. "Mwanangu, si mimi ninayekula."

Na kweli hakuwa yeye, kwani kila alichokitafuna kilipotelea kusikojulikana, akala sufuria zima la wali akainuka na njaa, mashavu yakabonyea, bangili zikamvuka mikononi zenyewe, na kila mumewe alipojaribu kuyavua yale meno, kwa maji ya moto, kwa mafuta, kwa kumbembeleza na mwisho kwa nguvu huku wote wawili wakilia, yalizidi kujikita kama mizizi ya mti uliopandwa na babu.

Wakarudi kwa daktari. Alipoingiza kidole tu, meno yakakibana, na sauti nzito ya mwanamume ikatoka katika koo la mama:

"Nyumba ilikuwa tupu. Nimehamia. Wa kuhama ni huyu."

Daktari alijifunga kidole. "Mzee mwenzangu, hili si langu tena. Mkimbize kwa wenye kuyajua haya."

Wakamkimbiza kwa bibi mmoja mtoa majini, mfupi, mwenye kikohozi. Aliwasha ubani, akamshika mgonjwa utosi.

"Unataka nini wewe?"

"Kinywa."

"Hiki kina mwenyewe. Toka!"

"Nitatoka kikishakauka."

Bibi alisoma, akatema mate, akasoma tena mpaka sauti ikamkauka. Mama akazidi kusinyaa pale pale mkekani, macho yakaanza kugeuka meupe, na binti akapiga ukelele: "Baba, anakufa!" Hapo kinyozi akaanguka kifudifudi.

"Chukua changu!" akalia. "Nina meno yangu yote. Mwache mke wangu, njoo kwangu!"

Bibi alimpiga kofi. "Nyamaza, mjinga wewe! Jini haalikwi!"

Lakini yale meno yalikuwa yameshadondoka mkekani, makavu, mepesi, ganda tupu la plastiki. Mama akavuta pumzi ndefu. "Nina kiu," akasema, kwa sauti yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alikunywa uji vikombe viwili, na uji ukamkaa. Rangi ikamrudi. Alimsimulia mumewe jinsi atakavyozoea kuishi na fizi zake, naye avumilie kumwona kibogoyo.

"Utanicheka?"

Kinyozi alitaka kujibu. Ndipo kitu kigumu kikamdondokea juu ya ulimi, bila damu, bila maumivu. Akakigeuza mara moja: jino lake la mbele. Mkewe alikuwa akimtazama, anasubiri jibu, anatabasamu kwa fizi tupu bila kuficha mdomo.

Kinyozi akainua kikombe chake, akalimeza pamoja na uji. La pili lilikuwa limeshaanza kutikisika.