Kopo la Mvua

Mama yangu ni msimamizi wa ujenzi, na mwandiko wake unatisha. Ndiyo maana kila jioni, akishavua viatu vyake vyenye tope, mimi ndiye niliyeandika daftari la kazi. Yeye alinitajia ya kuandika: "Andika, leo wamemwagilia zege asubuhi na jioni." Mimi niliongeza mvua niliyoipima kwa kopo uani petu, jirani na jengo. Aliniita Karani, nami nikavimba kichwa.

Kisha sakafu ya jengo ikapasuka. Kampuni ya ng'ambo iliyoleta saruji ilidai kwamba mafundi wa mama hawakumwagilia zege maji kwa siku saba ili likomae, kama inavyotakiwa. Mama alisema saruji ndiyo mbovu. Kwa mujibu wa mkataba, ugomvi kama huo hauendi mahakamani. Pande zote mbili humchagua mwamuzi kutoka nchi ya tatu. Mama akishindwa, hatapewa tena jengo la kusimamia.

Siku ya kikao nilikaa nyuma ya mama. Ushahidi wake ulikuwa daftari letu la siku tisini. Siku ya nne kati ya zile saba nilinogewa na mchezo wa kamba, sikuangalia kopo. Nilibuni tu: "Hakuna mvua."

Wakili wa kampuni aliinuka na karatasi za kituo cha hali ya hewa, zenye mvua ya kila siku, akitabasamu. Nikasimama kabla hajafungua mdomo.

"Samahani, mzee," nilimwambia mwamuzi. "Siku ya nne sikupima mvua, nilibuni. Mengine yote ni ya kweli."

Mama alishika kichwa. Wakili aliacha kutabasamu.

Mkalimani alipomaliza kutafsiri, mwamuzi aliomba zile karatasi, akazilinganisha na daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Tulisubiri saa nzima.

"Siku themanini na tisa zinakubaliana," alisema. "Isiyokubaliana ni moja tu, hiyo aliyoitaja mwenyewe."

Wiki tatu baadaye uamuzi ulifika: daftari limeaminika, saruji ina kasoro, kampuni ijenge sakafu upya. Mafundi walimbeba mama juu juu mpaka kofia yake ya kazi ikaanguka. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikanikauka!

Jioni mama alinivuta karibu. "Ulipobuni, mwanangu, nusura utuponze sote. Uliposema ukweli bila kuulizwa, kurasa zako zote zikaaminika. Usisahau hilo. Haya, Karani, kaangalie kopo."

Nilitoka mbio. Lilikuwa kavu kabisa, nami nikaandika hivyo.