Sakafu Isiyo na Tundu

Jioni ile nilitumwa kisu.

Mdogo wangu alikuwa bandani nyuma ya nyumba yake, amepiga magoti ndani ya mashua, na kisu chake cha kukatia zulia kilikuwa kimeisha makali. Wifi yangu alinipa kingine kutoka jikoni, akanisindikiza kwa maneno hadi mlangoni.

"Mwambie huyo mdogo wako, sisi humu ndani tunakanyaga saruji tupu, samaki ndio wanaotandikiwa zulia! Akimaliza awashonee na mapazia."

Nilicheka. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika nyumba ile.

Mdogo wangu tulimwita Nahodha, kwa utani, maana hakuwahi kuvua mbali kuliko inapofika sauti ya mkewe. Mashua yake ya zamani ilikuwa mbavu tupu, na juu ya mbavu hizo aliteleza akavunjika goti. Alipopata hii nyingine, aliapa kuijengea sakafu bapa ya plaiwudi, yenye zulia, asimame majini kama mtu aliyesimama sebuleni. Asingeweza kusimama, uvuvi ungekuwa umemshinda, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Alifanya kwa uangalifu, siwezi kumnyima sifa hiyo. Alichora umbo kwenye kadibodi kwanza, kwa sababu mashua haina pembe iliyonyooka. Alipiga msasa. Akapaka resini, ule utomvu wa dukani unaokauka mgumu kama kioo, juu na chini, na kingo akazirudia tena na tena, maana ukingo wa plaiwudi hunywa maji kama mtoto aliyetoka kucheza juani. Hata matundu ya skrubu aliyajaza kabla ya kukaza.

Jambo moja tu alilikataa. Mtu aliyetuuzia mashua, mpole, asiyependa kumtazama mtu machoni, alisema ilikuwa ya marehemu kaka yake. Akatusihi, "Mkiweka sakafu mpya, acheni tundu. Msiizibe yote." Sakafu kuukuu ya mashua hiyo ilikuwa na tundu kama hilo, kingo zake zimeparuzika ovyo. Fundi yeyote angemwambia Nahodha kwamba chini ya sakafu panahitaji hewa. Lakini Nahodha hakuwa mtu wa kuuliza mafundi.

"Tundu ni mlango wa maji, dada," aliniambia. "Mimi sifungui mlango wa maji."

Nilipoingia bandani, gundi ilikuwa imeshapakwa na zulia limetandazwa nusu. Harufu ya gundi iliuma macho. Lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine... kama nyama iliyosahauliwa ndani ya mfuko.

"Kuna kitu kinanuka humu."

"Gundi hiyo, dada. Ukikaa nayo sana utaanza kuimba."

Nilimpa kisu. Ndipo nikahisi kuna mtu nyuma yangu.

Mwanamume alikuwa amesimama mlangoni. Hakubisha hodi. Nguo zake zilikuwa chapachapa, na nje hakukuwa na hata tone la mvua. Mikono ilining'inia ubavuni. Nilitazama vidole vyake, nikatamani nisingevitazama.

Havikuwa na kucha hata moja.

"Mmeziba kingo zote?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zote, mzee!" Nahodha alijibu kwa fahari. "Humo chini hata mbu hapati pa kupumulia."

Mtu yule aliitazama sakafu kwa muda mrefu.

"Na mimi je?"

Nahodha akacheka. "Wewe kapumulie kwako, mzee wangu. Hapa pana kazi."

Nilipepesa macho. Mlango ulikuwa mtupu.

Kisha...

Ngo.

Sauti ilitoka chini ya sakafu.

Ngo. Ngo.

"Toka humo," nilinong'ona. "Mdogo wangu, toka sasa hivi."

Alijaribu kuinuka. Skrubu moja ilipanda yenyewe, ikizunguka taratibu, ikalitoboa zulia. Ikafuata ya pili. Ya tatu iliruka kama risasi, ikamzama shingoni chini ya taya. Alipiga yowe, damu ikamchuruzika ndani ya shati. Ubao ukapasuka kati ya miguu yake, na mkono ukatoka.

Ulimshika lile goti bovu.

Nilisikia mfupa ukivunjika, kama ukuni mkavu. Nahodha alianguka kifudifudi, na mkono ukamhamia kisogoni. Ukampigiza uso kwenye sakafu. Ukamwinua, ukampigiza tena. Jino lake liliruka likagonga ukuta wa banda. Lile zulia lenye gundi mbichi likajikunja lenyewe, likamfunika kichwa, likabana. Nikaona umbo la mdomo wake limeachama chini ya zulia, likitafuta hewa.

Niliokota kisu nikavikata vile vidole. Nilikata kwa nguvu zangu zote, kimoja baada ya kingine. Havikutoa damu. Vilitoa maji meusi, baridi, na havikulegea.

Palikuwa na mtaimbo ukutani. Niliuchomeka kwenye ule ufa, nikaulalia kwa uzito wangu wote. Resini ilishikilia. Alikuwa ameifanya vizuri mno kazi yake, mdogo wangu. Niliulalia tena huku nikilia, na nikaona miguu yake imeacha kutupatupa.

Ubao ukang'oka.

"Aaaah..."

Pumzi ndefu ilitoka chini, kama ya mtoto aliyezamia hadi kifua kikakaribia kupasuka. Mkono ukaachia. Nililichana zulia usoni mwa Nahodha, nikamvuta nje kwa makwapa.

Kabla sijatoka nilichungulia. Ndani mlikuwa na mbavu za mashua na dimbwi dogo la maji. Basi. Lakini upande wa chini wa ubao mpya, uliopakwa wiki ileile, ulikuwa umekwaruzwa kutoka mwisho hadi mwisho. Na ndani ya resini iliyokauka ulinaswa ukucha.

Hospitalini waliitoa skrubu, wakamshona, wakamfunga plasta ngumu mguuni. Asubuhi wifi yangu, bila kumuuliza mtu, aliimwagia mashua mafuta ya taa akaiteketeza.

Majivu yalikuwa bado yanafuka moshi yule muuzaji alipofika. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Kaka yangu alipigwa kasia kichwani," alisema akitazama chini. "Aliyempiga alidhani amekufa. Akamtia chini ya sakafu, akapigilia mbao." Akajifuta viganja kwenye suruali. "Hakuwa amekufa. Lile tundu mliloliona... hakulikata fundi."

"Alikuwa nani, huyo aliyempiga?" niliuliza.

Aliificha mikono mifukoni. Kisha akageukia majivu kama aliyeyaona kwa mara ya kwanza.

"Mmeichoma?"

"Tumeichoma," wifi akasema. "Na tungekuwa nazo mbili tungechoma zote."

Uso wa muuzaji ulipauka. "Basi sasa anakaa wapi?"

Usiku uleule nyuzi za mshono shingoni mwa Nahodha zilikatika. Daktari alishona upya, zikakatika tena. Alizikagua kwenye taa, akasema ncha zake ni kama zimetafunwa, na kwamba zimetafunwa kutokea ndani. Kidonda hakitoi usaha wala hakimuumi. Ni kitundu cha ukubwa wa skrubu, basi. Nahodha anapovuta pumzi kwa pua, kitundu hutoa pumzi. Anapotoa, chenyewe huvuta. Pumzi hizo mbili hazijawahi kwenda pamoja.

Wifi alijaribu kukiziba kwa bandeji na plasta. Nahodha alikuwa usingizini. Mkono wake uliinuka, ukamkamata mkewe koo, ukabana mpaka macho yakamtoka, na uso wa Nahodha mwenyewe ulikuwa umetulia kama wa mtoto mchanga. Nilipoibandua plasta, mkono ulianguka.

Siku hizi tunalala kwa zamu, mimi na wifi. Mmoja hukaa kando ya kitanda akilivuta shuka chini, taratibu, kila linapomkaribia shingoni.