Damu ya Kujaribia Mashine

Mashine ilitoa hesabu kabla haijawekewa damu ya mtu yeyote. Ilikuwa asubuhi, katika maabara ya kliniki moja ndogo mjini Voi, jua likiwa limeshaanza kuchoma mabati. Mkamburi, mpimaji wa maabara, alifungua kidirisha cha kuingizia vioo vya damu. Kitupu. Lakini kwenye skrini seli nyeupe zilikuwa zimepigwa picha na kupangwa safu safu kama kawaida, na katikati yao ilikuwepo moja ambayo mashine ilishindwa kuipa jina: nyeusi, ya duara, ukingoni ina nywele fupi fupi. Kama jicho.

Mkamburi akapepesa macho. Ile seli nayo ikapepesa.

"Musyimi! Kuja uone hii kitu."

Musyimi, fundi wa vifaa, alikuja anatafuna mahindi ya kuchoma. "Ni vumbi, madam. Vumbi ya Voi inaingia hata ndani ya yai." Akafuta lenzi kwa kitambaa, halafu akanusa. "Kumenyesha?"

Hakukuwa kumenyesha. Voi ilikuwa imesahau mvua. Lakini chumba kizima kilinukia udongo uliolowa.

Mashine za namna hii, kila siku kabla ya wagonjwa, hupewa damu ambayo hali yake inajulikana, ili ionekane kama zinahesabu sawa. Damu hiyo huagizwa, huja ndani ya barafu. Obadiah, mwenye kliniki, mzee wa kanisa na mjomba wa Mkamburi, alikuwa amesema ya kuagizwa inaharibikia njiani kwa joto la Maungu. "Tumia yako, mpwa wangu. Wewe huna hata mafua." Mkamburi alijua huo si utaratibu. Lakini mjomba ndiye aliyempa kazi wakati wenzake aliohitimu nao wanauza laini za simu. Angemwambia nini? Basi akawa anajichoma kidole kila asubuhi. Tone moja tu.

Seli zake nyekundu zikaanza kupungua. Kucha zikawa nyeupe, ngazi za kanisa zikamshinda. Alilaumu mashine, akapeleka damu yake maabara nyingine, wakaitazama kwa hadubini ya kawaida. Jibu lile lile. Na tone moja halimmalizi mtu, jamani. Kuna aliyekuwa anakunywa iliyobaki.

Ijumaa, saa saba mchana, stima zikapotea. Feni ikasimama, friji ikanyamaza, lakini mashine haikunyamaza. Ndani yake ilisikika sauti ya mtu anayefyonza chai ya moto, taratibu, bila haraka, na kwa kila funda Mkamburi alihisi kitu kikivutwa kwenye ncha ya kidole chake, kama uzi unaochomolewa kutoka kwenye kiwiko, kutoka kwenye bega, kutoka mahali fulani nyuma ya moyo, akataka kupiga kelele na ulimi ukamkaukia, na kwenye skrini isiyokuwa na umeme macho sasa yalikuwa mengi, yamejaza safu zote, yote yamemgeukia, yanasubiri kwa upole kama wagonjwa kwenye benchi.

Rachel, binti ya Obadiah, ndiye aliyemkuta sakafuni. Alimwinua mkono, akautazama, akaanza kulia.

"Kumbe ni kidole kile kile."

"Kile kile cha nani?"

"Cha kwangu." Rachel alinong'ona, jicho kwenye mlango. "Waliomuuzia baba mashine walimwambia ina mwenyewe ndani. Itaona magonjwa ambayo mashine zingine haziyaoni, bora ilishwe mtu wa ukoo. Nikaanza kukauka. Ukaajiriwa wewe, nikapona."

"Na ulijua?"

"Ningefanya nini, Mkamburi?"

"Ungeniambia! Mdomo ulikuwa umeshonwa?"

Jumapili baada ya ibada waliitana kama ukoo pale pale maabara. Mzee Mwandawiro, mstaafu wa reli, alipanda gari kutoka Mwatate kuja kusimamia kutasa, desturi ya Wadawida, watu wa Taita, ya kutoa hasira: aliyekosewa huchukua funda la maji ya miwa, hulipuliza nje pamoja na maneno ya amani, na uovu ukakosa mahali pa kushika. Musyimi alichomoa waya wa mashine, akasimama mbali nayo.

"Watu wangapi wamegunduliwa mapema hapa?" Obadiah alianza, kwa sauti ya mimbarini. "Watoto wa Kishushe, akina mama wa Maungu. Wewe msomi, pima mwenyewe."

"Nimepima, mjomba. Mbona kwenye mizani yako binti yako aliteremshwa, nikapandishwa mimi? Jibu hoja."

Obadiah akamgeukia dada yake. Aliyejibu ni mama yake Mkamburi.

"Usimjibu mjomba wako hivyo. Rachel alikuwa anakufa. Kaka yangu alikuja kwangu analia. Na wewe tangu utotoni una damu nyingi."

Mkamburi akamgeukia polepole. "Mama. Ulijua?"

"Nilijua ni kwa muda tu."

Hebu sema, hiyo ni haki ya wapi? Walionyonya wamekaa kwenye viti, na aliyenyonywa ndiye anatakiwa asafishe moyo.

Mwandawiro alimpa kikombe, akasogea karibu. "Mwanangu, kama moyo haujakubali, usipulize. Mwaga chini, tutarudi siku nyingine. Lakini usimeze. Ukimeza, umeukaribisha uovu ndani yako."

Mkamburi alichukua funda. Mashine, waya wake ukiwa sakafuni, ilianza kunguruma. Akamtazama mjomba, akamtazama Rachel, akamtazama mama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametamka samahani. Wote walikuwa wamefumba macho, wanangoja kusamehewa.

Akameza.

Ngurumo ikakatika. Harufu ya udongo ikaondoka kama mlango uliofungwa. Obadiah akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Mwandawiro peke yake ndiye aliyeliona koo likipanda na kushuka. Alichukua kofia yake, akatoka kinyumenyume bila kumpa Mkamburi mgongo.

Rangi ilikuwa inarudi kwenye kucha za Mkamburi. Akasimama bila kushika ukuta.

"Nasikia njaa," alisema.

Mama yake akaruka kwa furaha, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamuuliza angependa kula nini.