Jina la Senay Kwenye Orodha ya Serikali

Kila Jumapili baada ya kanisa, ghorofa yetu yote hunukia kahawa. Harufu hiyo hutoka kwa Abrehet, jirani yangu wa mlango wa pili. Abrehet hukaanga buni mwenyewe. Moshi hujaa sebuleni mpaka king'ora cha moto kinalia. Meneja wa jengo alikwisha kuzoea. Na sisi Waeritrea wa jengo hili tukisikia king'ora hicho, tunajua kahawa iko tayari. Tunavaa viatu na kwenda.

Abrehet anafua mashuka ya hospitali hapa Seattle. Ni mwanamke mkakamavu, na akisema hapana ni hapana. Mimi ni mwalimu, nafundisha watoto wetu lugha yao kila Jumamosi. Lakini kwa Abrehet hata mimi huwa mwanafunzi.

Anaishi na mwanawe, Senay, kijana wa miaka ishirini na mitano. Walifika Marekani pamoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Sudan, Senay akiwa na miaka ishirini. Alianza kazi kwenye ghala la mboga. Lakini moyo wake ulikuwa posta. Alitaka kupeleka barua nyumba hadi nyumba, kwa miguu yake, na watu wamjue kwa jina. Alifanya mtihani wa posta akafaulu. Sote tulijivuna kama tuliufanya sisi.

Jumapili moja, mwishoni mwa Novemba, Senay alikaa karibu na mama yake. Abrehet alikuwa anamimina kahawa. Nilikuwepo mimi, na alikuwepo Goitom, dereva wa basi wa ghorofa ya chini.

"Mama, posta wameniuliza jambo," Senay alisema.

"Wameuliza nini? Kama unajua kutembea?"

"Wameuliza kama nimejiandikisha. Kuna orodha ya vijana wanaoweza kuitwa jeshini. Asiyekuwemo hawamwajiri."

Abrehet aliweka birika chini.

"Hujajiandikisha, wala hutajiandikisha."

"Lakini ni sheria, mama."

"Hata kule kwetu ilikuwa sheria."

"Walisema waliniletea kadi za kunikumbusha. Mimi sijaona kadi yoyote."

"Zilikuja. Nilizichoma pamoja na ubani. Zilinuka vibaya."

Hakuna aliyecheka. Sote tulijua habari za Awet, kaka yake Senay. Kule kwetu askari walifanya msako sokoni, wakawabeba vijana kwenye lori. Awet alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametoka kununua sukari. Barua zake zilikuja mbili, kisha kimya. Mpaka leo Abrehet hajui kama mwanawe yu hai. Baada ya hapo alimchukua Senay, wakavuka mpaka kwa miguu. Kwa hiyo neno jeshi halitajwi ovyo katika nyumba ile.

Goitom alikohoa. Ni mtu mpole, lakini hajui kunyamaza panapostahili kusemwa.

"Dada Abrehet, mwache kijana ajiandikishe."

"Goitom, toka nyumbani kwangu."

Goitom hakuinuka. Alinyoosha kikombe chake.

"Nimekunywa kimoja tu. Unanifukuza kabla ya baraka?"

Hapo alimpata. Kwetu kahawa ni vikombe vitatu, na cha tatu ndicho cha baraka. Mgeni hafukuzwi kabla ya kikombe hicho, hata kama amemtukana baba yako. Abrehet alinitazama nimsaidie. Mimi niliangalia bakuli la bisi.

Akamimina cha pili.

"Kunywa haraka," alisema.

"Ni ya moto."

"Itapoa."

"Basi nitaongea ikipoa," Goitom alisema. "Mimi nilifika nchi hii nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikimbia jeshi kama wewe ulivyokimbia. Niliposikia habari za orodha hii, nilijificha. Nilijificha katika nchi ambayo hata haikuwa inanitafuta. Nikapita miaka ishirini na sita. Baadaye nikaomba uraia. Ofisa akaniuliza, 'Ulijiandikisha?' Nikasema hapana. Akauliza, 'Ulijua kuwa ni lazima?' Nikasema ndiyo, nilijua. Ombi likakataliwa. Nilisubiri mpaka nikapita miaka thelathini na moja ndipo nikaomba tena."

"Kwa nini hukujiandikisha tu wakati ule, ukiwa umechelewa?" Senay aliuliza.

"Haiwezekani. Ukishatimiza ishirini na sita, mlango umefungwa. Hata ukilia, hawakuandiki."

Abrehet alikunja mikono. "Kwa hiyo mwanangu awe askari ili apeleke barua?"

"Hapana, dada. Kujiandikisha si kuingia jeshini. Askari wa hapa wanaingia kwa hiari yao, na wanalipwa. Hii ni orodha tu ya majina. Serikali inaitunza kwa ajili ya siku ya shida kubwa. Mara ya mwisho kuwaita vijana kwa lazima, mimi na wewe tulikuwa hatujafika hapa. Wengine hapa tulikuwa hatujazaliwa."

"Na wakiamua kuwaita tena?"

Goitom alifikiri kabla ya kujibu. Nilimpenda kwa hilo.

"Sitakudanganya. Wakiamua, wanaweza kuita. Lakini hawaji usiku na lori. Wabunge watoe sheria kwanza, na rais atie sahihi. Anayeitwa hupimwa afya na husikilizwa. Ambaye imani yake inamkataza kuua husema, na anaweza kupewa kazi nyingine. Huyo naye lakini ajiandikishe kwanza."

"Nani hasa anatakiwa?" niliuliza mimi. Nilikuwa nafikiria wanafunzi wangu wakubwa.

"Wanaume, kuanzia miaka kumi na minane mpaka kabla ya kutimiza ishirini na sita. Raia, na wageni tunaoishi hapa. Mwenye kadi ya kijani ya ukaazi, mkimbizi, aliyeomba hifadhi, hata asiye na karatasi. Aliyezaliwa hapa hujiandikisha ndani ya siku thelathini za kutimiza kumi na minane. Aliyefika akiwa mkubwa, ndani ya siku thelathini za kufika. Aliyechelewa bado anaweza, maadamu hajafika ishirini na sita. Aliye hapa kwa viza halali ya kusoma au kutembea hajiandikishi."

"Asiye na karatasi ajipeleke mwenyewe?" Abrehet aliguna. "Akakamatwe?"

"Hawaulizi karatasi zako za kuishi hapa. Wanauliza jina, siku ya kuzaliwa, anwani. Na namba ya usalama wa jamii, kama unayo."

"Rafiki yangu aliniambia jina linaingia lenyewe ukiomba kadi ya kijani," Senay alisema.

"La wengine huingia. La wengine halifiki. Angalia, usidhani."

Senay alitoa simu. Mahali pa kuangalia palikuwa papo hapo kwenye tovuti ya serikali. Jina lake halikuwemo.

Abrehet alishusha pumzi. Alianza kulegea, lakini kidogo tu.

"Bado kuna muda," alisema. "Senay alizaliwa mvua za kwetu zikinyesha. Mwezi wa saba. Tutafikiri mpaka wakati huo."

"Kadi yake ya uhamiaji inasemaje?" Goitom aliuliza.

"Tarehe moja Januari. Kama kadi zetu sote."

Na ni kweli. Katika kambi, karani aliuliza siku ya kuzaliwa. Sisi tulitaja mavuno, mvua, sikukuu za watakatifu. Karani alichoka, akatuandikia wote tarehe moja Januari. Jengo zima tulizaliwa siku moja kama vifaranga. Tumeshazoea kutaniana, mwaka mpya ukifika tunapeana pole kwa kuzeeka kwa pamoja.

"Dada," Goitom alisema polepole, "serikali haijui mvua zako. Inajua kadi. Kwa serikali, Senay anatimiza ishirini na sita mwaka mpya."

Senay aliangalia kalenda ya kanisa ukutani. Desemba tu ndiyo iliyobaki. Miezi aliyokuwa akiitegemea Abrehet ilikuwa imeyeyuka.

"Nikimruhusu, halafu wakaja kumchukua," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "nitamwambia nini Awet?"

Senay alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, Awet hakuulizwa. Alikamatwa akiwa na sukari mkononi. Mimi nimeulizwa, kwa heshima, nami nataka kujibu. Nimechoka kujificha. Tulijificha Sudan, tukajificha njiani. Hapa nataka jina langu lionekane. Nataka kuwa raia, nisimame wima."

Abrehet alimshika mwanawe kichwani kwa muda mrefu. Kisha alichukua birika, akamimina kikombe cha tatu. Alimpa Goitom kwanza.

"Baraka," alisema. "Sasa andika, Senay. Lakini kila swali ulisome kwa sauti."

Senay alisoma, akajibu. Kahawa ya Goitom haikupata nafasi ya kupoa. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Ndiyo hiyo tu?" Abrehet aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu, mama. Asiye na mtandao hupata fomu posta."

Abrehet alikwenda dirishani. Alitazama barabara upande huu na upande ule. Palikuwa na mvua tu, na mtu na mbwa wake.

"Kesho utakwenda kazini kama kawaida?"

"Kama kawaida, mama."

Na alikwenda. Na kesho yake alikwenda tena. Baada ya wiki kadhaa kadi ya uthibitisho ilikuja, ikiwa na namba yake. Safari hii Abrehet hakuichoma. Aliiweka pamoja na karatasi za uhamiaji. Goitom aliwakumbusha jambo moja zaidi: kijana akihama nyumba kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita, aipe ofisi ile anwani mpya.

Posta walimchukua Senay majira ya baridi yalipokwisha. Hata sasa ukimwona asubuhi na mkoba wake begani, utadhani anabeba barua za mfalme.

Lakini aliyebadilika zaidi ni mama yake. Sikukuu ya Pasaka, katika ukumbi wa kanisa, alisimama mbele ya akina mama wote. Mwanamke aliyekuwa akichoma kadi sasa alikuwa akinyoosha kidole.

"Kidane wako ana miaka mingapi, Zaid?" alimuuliza mama mmoja.

"Kumi na tisa."

"Ameandikishwa?"

"Aa, yule bado mtoto."

"Mtoto ana ndevu! Leo hii aandikishwe. Nami najua unachoogopa, maana nilikiogopa zaidi yako. Mimi walinichukulia mtoto. Lakini hofu ya kule tusiwarithishe watoto wa hapa, ikawafungia milango. Angalieni tarehe ya kwenye kadi, si ile mliyo nayo moyoni. Na wasichana wenu waacheni, hawahusiki."

Jioni ile vijana wengi walitoka ukumbini simu zikiwa mkononi. Wanafunzi wangu wawili walikuwa miongoni mwao. Nilijivunia Abrehet mpaka nikasahau chakula changu.

Kiangazi kile Senay aliitwa kwa mahojiano ya uraia. Ofisa alimuuliza swali lile lile aliloulizwa Goitom. Senay alijibu ndiyo na kutoa kadi yake. Ofisa akaendelea na swali lililofuata.

Siku ya kiapo tulikwenda sote. Goitom aliomba ruhusa kazini. Abrehet alivaa nguo nyeupe ya kwetu yenye pindo la rangi. Ukumbi ulikuwa na watu wa kila nchi, wote wamekaa kimya kwa adabu. Senay aliinua mkono wa kulia, akaapa. Jina lake likasomwa mbele za watu, lote, mpaka jina la babu yake.

Hapo Abrehet alisimama akapiga vigelegele. Mlinzi wa mlangoni aligeuka. Watu wakageuza shingo. Yeye hakumtazama mtu. Alipiga saba, akapumua, akaketi.

Kwetu vigelegele saba hupigwa mtoto wa kiume anapozaliwa. Nilimwinamia nikamuuliza, "Abrehet, leo umezaa?"

"Huyu alizaliwa vitani, chini ya hema," alinijibu, macho yake yakiwa kwa mwanawe. "Ndege zilikuwa juu yetu. Mkunga aliniziba mdomo kwa kiganja, tusisikike. Hakuna aliyempigia."